Siku ya skii ya majira ya machipuko: chakula cha mchana ndicho kinachopanga ratiba

Anayetoka kwenye skii za katikati ya baridi huingia machipuko na mazoea yaleyale: kuteleza tangu lifti (mitambo ya kupandisha watu mlimani) zinapofunguliwa mpaka zinapofungwa, kula harakaharaka saa 6, kisha kurudi mlimani. Ratiba hiyo humweka kwenye barafu asubuhi, mezani wakati theluji imefikia ubora wake, na kwenye rojorojo alasiri akiwa na miguu iliyochoka. Theluji ya miezi hii hubadilika saa hadi saa, tena kwa mpangilio unaotabirika. Ukishauelewa mpangilio huo, utaona kwamba jambo la kwanza la kuamua pamoja na marafiki ni chakula cha mchana: kiliwe saa ngapi na wapi. Njia za kuteleza, nguo, nta ya skii na saa ya kuamka hupangwa kufuatana na uamuzi huo.

Usiku ndio unaotengeneza siku

Theluji iliyokaa mlimani wiki kadhaa, ikiyeyuka mchana na kuganda usiku, haina tena umbo la nyota ambalo ilianguka nalo. Ncha zake nyembamba huyeyuka kwanza, maji yake huganda katika nafasi kati ya chembe, na baada ya siku kadhaa hubaki punje za mviringo zenye kipenyo cha milimita 1 hadi 3 hivi. Usiku punje hizo hushikanishwa na vidaraja vya barafu, na uso wa mlima huwa mgumu kiasi cha kumbeba mtu asididimie. Jua likipanda, vidaraja hivyo ndivyo vinavyotangulia kuyeyuka. Hapo huja kipindi, mara nyingi cha saa 1 hadi 2 kwa kila mteremko, ambapo sentimita 2 hadi 4 za juu zimeachana na kuwa punje huru zenye unyevu kidogo, huku tabaka la chini likiwa bado gumu. Hiyo ndiyo theluji inayowatoa watu nyumbani wakati wa machipuko. Kingo za skii hushika bila kung'ang'ania, kugeuka hakuhitaji nguvu, na hata mtu wa kiwango cha kati huthubutu miteremko aliyoiogopa mwezi Januari.

Theluji hiyo haipatikani kama usiku uliotangulia haukugandisha. Wengi hupotea hapa kwa kutazama joto la hewa peke yake. Uso wa theluji hupoteza joto kwa kutoa mionzi ya infraredi, na kwa kazi hiyo theluji ina uwezo mkubwa kuliko karibu kila kitu kingine cha asili. Anga likiwa wazi, joto huenda juu lisirudi, na uso unaweza kuganda ingawa kipimajoto cha hewa kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda, nayo hutoa mionzi ya aina hiyohiyo kuelekea chini, hivyo kinachopotea hurudishwa karibu chote. Ndiyo maana usiku wa mawingu wenye nyuzi 1 unaweza kukuachia theluji tepetepe kuliko usiku wa nyota wenye nyuzi 3. Hewa yenye unyevu mwingi nayo hupunguza kuganda.

Jioni ya kuamkia safari, basi, soma utabiri ukitafuta mawingu kati ya usiku wa manane na alfajiri, halafu mwinuko ambao joto la hewa litakuwa nyuzi 0. Vituo vya hali ya hewa vya milimani hutaja mwinuko huo moja kwa moja. Kama hakuna, chukua joto la bondeni na ukadirie kwamba hushuka kwa nyuzi 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Anga likiwa wazi na mwinuko wa nyuzi 0 ukiwa karibu na kilele cha lifti au chini yake, tarajia asubuhi ngumu na siku nzuri. Kukiwa na mawingu usiku kucha na mwinuko huo uko juu ya kilele, theluji haitakuwa imeganda. Siku kama hiyo haifai kusubiri ilainike, kwa kuwa imeshalainika tayari na itazidi kuharibika. Anza lifti zinapofunguka, panda juu kabisa, shika miteremko yenye kivuli, na ule mapema ukiwa umemaliza.

Kulifuata jua

Mteremko haupokei jua sawa na uwanja tambarare. Chukua mlima ulioko latitudo ya digrii 45 kaskazini, siku ya ikwinoksi mwezi Machi, yaani siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana. Saa sita ya jua, jua huwa digrii 45 juu ya upeo. Uwanja tambarare hupata asilimia 71 ya nguvu ya miale ya moja kwa moja. Mteremko wa digrii 30 unaotazama kusini hupata asilimia 97, na wa mwinamo huohuo unaotazama kaskazini hupata asilimia 26 tu. Ni mlima mmoja, saa moja, hewa moja, lakini upande mmoja unapokea karibu mara nne ya mwenzake. Ndiyo sababu watu wawili walioteleza siku moja hurudi na habari tofauti kabisa kuhusu theluji.

Katika nusu ya kaskazini ya dunia mfuatano ni huu: miteremko inayotazama mashariki hulainika kwanza, kisha ya kusini, kisha ya magharibi, na ya kaskazini hubaki na baridi, mingine siku nzima. Katika nusu ya kusini, ambako machipuko huanza Septemba, mashariki bado ndiyo ya kwanza na magharibi ya mwisho, ila upande wa kaskazini ndio wa jua na wa kusini ndio wa kivuli. Kila upande, anza chini ya mlima kunakolainika mapema, kisha panda kadiri saa zinavyokwenda.

Kulainika huanza polepole halafu hukimbia. Theluji mpya kavu hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, ilhali theluji kuukuu iliyolowa hurudisha 50 hadi 60 hivi. Yaani kadiri uso unavyolowa ndivyo unavyomeza nishati zaidi, na kadiri unavyomeza ndivyo unavyozidi kulowa. Mteremko uliokuwa unakwaruza chini ya skii saa 4 unaweza kuwa mtamu saa 4:30 na mzito saa 6. Upepo mkavu huchelewesha haya yote. Kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334, lakini kuigeuza moja kwa moja kuwa mvuke huhitaji takriban 2,830, na upepo mkavu huilazimisha sehemu ya theluji ichukue njia hiyo ya pili. Nishati nyingi ya jua huishia hapo, na uso unabaki mgumu hata jua likiwa kali. Siku ya upepo ongeza saa nzima kwenye makadirio yako.

Ongeza saa moja pia baada ya saa za kiangazi kuanza. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na Marekani Jumapili ya pili ya Machi. Mteremko uliokuwa tayari saa 4 kwa saa ya ukutani, wiki inayofuata utakuwa tayari saa 5. Kundi lililopanga chakula saa 6 kwa mazoea ya Februari hujikuta limeketi chini wakati ambao lilipaswa kuwa linateleza.

Ukiwa mlimani, usitegemee makadirio peke yake. Simama pembeni mwa njia na udunge ncha ya fimbo. Ikigonga na kurudi, bado. Ikizama sentimita chache kisha ikakutana na kitu kigumu, ndio wakati wake. Ikienda chini bila kukutana na kitu, mteremko huo umekwisha kwa leo.

Meza iwe saa ngapi

Kuna nafasi mbili zinazofaa. Ya kwanza ni saa 5 na robo hivi, kabla migahawa haijajaa, kwa kundi linalotaka kurudi kwenye miteremko ya magharibi au ya kaskazini baadaye. Ya pili ni saa 7 mchana na kuendelea, skii zikiwa zimekwisha au zimebaki za kushukia tu. Kwa siku ya kupumzika na marafiki, ya pili ni bora kwa mbali. Unatumia theluji nzuri yote bila kuikatiza, unakuta watu wa saa 6 wanaondoka mezani, na huna haraka ya kwenda popote. Nafasi mbaya ni ile ambayo karibu kila mtu huichagua, kati ya saa 6 na saa 7, ambapo foleni ya chakula ni ndefu na theluji ya miteremko mingi iko katika ubora wake.

Kula saa 7 kunataka maandalizi. Kifungua kinywa kiwe cha kweli, chenye wanga na protini. Kila mtu awe na kitafunwa mfukoni cha kalori 200 hadi 300, cha kuliwa saa 4:30 au saa 5 kwenye kiti cha lifti. Bila hicho, kufikia saa 6 mmoja atakuwa na njaa na hasira, na kundi zima litaburutwa mezani mapema.

Mahali pa kula pachaguliwe kwa sababu tatu zinazozidi uzuri wa mandhari. Kwanza, mtu dhaifu kuliko wote kundini aweze kufika kwa njia rahisi. Hapa angalia rangi za alama za njia kwa makini: Ulaya njia ya bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati na nyeusi ni ngumu, lakini Amerika ya Kaskazini rahisi ni kijani, na bluu ya mraba ni ya kati. Anayebeba maana ya rangi kutoka bara moja kwenda jingine anaweza kumpeleka rafiki yake asikoweza. Pili, pawe karibu na lifti inayobeba watu kushuka, si kupanda tu, maana viti vingine haviruhusu abiria wa kushuka. Tatu, baraza litazame jua la mchana na likingwe na upepo. Kundi la watu zaidi ya wanne liweke nafasi mapema na lithibitishe asubuhi.

Kuna mtego mmoja katika chakula cha saa 7, nao ni wa kuganda tena. Mteremko uliolowa na kuchimbwachimbwa na skii mchana kutwa, jua likiuacha tu, huanza kuganda ukiwa na matuta na mifereji yake yote. Miteremko ya mashariki huingia kivulini mapema alasiri, na kufikia saa 9:30 inaweza kuwa imegeuka mawe. Anayetoka mezani saa 10 na tumbo zito akaishukia njia kama hiyo yuko katika hali mbaya kuliko yote aliyokutana nayo siku nzima. Kabla ya kuagiza chakula, kundi liamue: ama tutateleza kushuka tukiondoka kabla kivuli hakijafika, ama tutakaa tutakavyo na kushuka kwa kebo, ile lifti ya vyumba vinavyoning'inia kwenye waya. Uamuzi wa pili hauna aibu yoyote. Sehemu ya chini ya mlima ndiyo yenye joto zaidi na theluji mbovu zaidi, hivyo mita 300 au 400 za mwisho mara nyingi hazistahili hata mtu aliye mzima wa miguu. Soma saa ya kebo ya mwisho kwenye ubao kwa macho yako. Katika sehemu nyingi lifti husimama kati ya saa 10 na saa 10:30 jioni, lakini zile za kushusha watu zina saa zake.

Mezani

Kabla ya kuketi, skii zisimamishwe kwenye rafu upande wa kivuli. Zikiachwa juani, sehemu ya chini hupata joto, na ukizirudisha kwenye theluji baridi ya mteremko wa kivuli, utando wa maji huundwa na kuganda palepale. Utahisi kama umekanyaga gundi. Ikishatokea, kwangua barafu hiyo kwa kipande cha plastiki, kamwe si kwa chuma cha kingo za skii nyingine.

Buti zilegezwe vifungo vyote, lakini ndimi zake zirudishwe mahali pake na vifungo vya juu vishikizwe kidogo. Plastiki iliyopashwa na jua huku buti iko wazi hulegea na kutanuka, na kuifunga upya baada ya saa mbili huwa kazi. Glavu zilizolowa zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kwenye uti wa kiti. Anayetoka jasho avae fulana kavu mara moja, kwa sababu wingu moja likipita mbele ya jua joto linalohisiwa hushuka sana, na mwili uliosimama hautoi joto kama mwili unaoteleza.

Kiu ndiyo ya kwanza kushughulikiwa. Hewa ya mwinukoni ni kavu, unahema kwa nguvu, na jasho hukauka kabla hujaliona, hivyo watu hufika mezani wamepungukiwa maji bila kujua. Nusu lita ya maji kabla ya chakula inafaa kwa karibu kila mtu. Supu yenye chumvi ni mwanzo mzuri kwa sababu inarudisha maji na chumvi kwa pamoja na inatangulia kufika, watu wakatulia. Baada ya hapo inategemea kilichoamuliwa. Wenye kuteleza tena wale wanga na protini kwa kiasi, waache mafuta mengi, kwani mafuta hukawiza tumbo na saa nzima ya kwanza inakuwa ya uzito. Wanaoshuka kwa kebo wako huru: sahani kubwa za kuchangia katikati ya meza ndizo hufanya chakula kiwe kirefu, maana kila mtu anaonja cha mwenzake na mazungumzo hayakatiki. Pombe ingoje uamuzi wa kutoteleza tena. Hupunguza wepesi wa mwili wakati theluji imekuwa ngumu kuisoma, na humfanya mtu ajisikie ana joto huku akilipoteza.

Wakati wa kuondoka, shughulikia nyayo za buti. Theluji iliyolowa hujishindilia chini ya buti ikawa bonge la barafu, na bonge la milimita chache tu hutosha kuzuia buti lisikae vizuri kwenye vishikio vya skii. Kishikio kitalia kama kimefunga, kisha kitaachia katikati ya kona, au kitagoma kuachia pale kinapotakiwa. Kwangua nyayo kwa ncha ya fimbo au kwenye kingo ya kishikio chenyewe, uone plastiki tupu, ndipo ukanyage.

Kundi la viwango tofauti

Mwendo wa kundi huwekwa na aliye nyuma, na hilo kila mtu hulijua. Kisichojulikana sana ni namna anavyochoshwa. Wenye kasi hushuka, husimama, humsubiri dakika tatu, na anapofika tu huondoka. Wao wamepumzika kila kituo, yeye hajapumzika hata kimoja. Kufikia saa 5 miguu yake imekwisha na anaanza kuanguka, na wenzake hudhani ni woga. Kanuni ya kufuata ni kwamba anayefika mwisho ndiye anayesema twende.

Njia nyingine ni kugawanyika kwa saa moja au mbili. Wenye nguvu wazunguke mara mbili wakati wengine wanazunguka mara moja, na mahali pa kukutana pawe chini ya lifti moja iliyotajwa jina, kwa saa iliyotajwa. Chini ya lifti ni bora kuliko juu, kwa kuwa aliyekosea njia huweza kuelekezwa na kurudi hapo, na kwenye baridi au upepo hakuna anayeganda kileleni akisubiri. Simu ziwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, betri isipungue haraka.

Kusimama kuwe pembeni mwa njia, mahali mnapoonekana kutoka juu, kamwe si chini ya kituta. Kanuni za mwenendo za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinasema hivyo, na zinasema pia kwamba aliye mbele yako chini ana haki ya njia: ni wewe unayetoka juu unayepaswa kumkwepa. Anayeanza tena kuteleza atazame juu kwanza. Machipuko kanuni hizi zina uzito zaidi, kwa sababu theluji nzito humsimamisha mtu ghafla mahali ambapo wa nyuma hakutarajia.

Skii zenyewe, na kwa nini hukwama

Skii huteleza juu ya utando mwembamba mno wa maji. Katika baridi kali utando huo ni mdogo na msuguano huwa wa chembe kavu. Katika machipuko tatizo ni kinyume chake: maji yamezidi, yanajaza nafasi yote kati ya skii na theluji, na kunyonya huanza. Ni kama vioo viwili vilivyolowa vikabandikwa pamoja, ambavyo kuvitenganisha ni shida. Dawa ni mbili zinazosaidiana. Moja ni nta ya joto, ile ambayo pakiti yake inaonyesha viwango vya karibu na nyuzi 0 na juu yake, na mara nyingi huwa ya njano. Nyingine ni mifereji midogo inayochongwa kwa mashine sehemu ya chini ya skii ili hewa ipite na maji yatoke. Kwa machipuko mifereji hiyo iwe mikubwa kidogo kuliko ya baridi kali, na fundi yeyote wa skii ataelewa ukimwambia theluji ni ya maji.

Nta hupakwa hivi. Safisha kwanza, kwa kuwa theluji ya machipuko hubeba vumbi, chavua na mafuta ya mitambo ya lifti, na uchafu huo hujikusanya chini ya skii kama utando wa kahawia. Pasi iwe kwenye joto lililoandikwa kwenye pakiti, itembezwe bila kusimama, kwa sababu pasi iliyosimama sekunde chache huchoma plastiki ya chini. Pasi ikitoa moshi, joto limezidi. Acha ipoe angalau nusu saa, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu mpaka kisitoke kitu, na umalize kwa brashi kutoka ncha ya mbele kwenda nyuma. Kosa la kawaida ni kuacha nta nyingi kwa kudhani itadumu zaidi. Nta iliyobaki juu hushika uchafu na huifunika ile mifereji. Nta ya kusugua kwa mkono inafaa kubebwa mfukoni, ingawa hudumu mizunguko michache tu. Nta zenye florini hazihitajiki: FIS imezipiga marufuku katika mashindano yake tangu msimu wa 2023/24 kwa sababu ya madhara ya kemikali hizo kwa mazingira na afya.

Hata skii zilizoandaliwa vizuri zitashikwa mahali pamoja: unapotoka kivulini kwenye theluji kavu na kuingia juani kwenye theluji ya maji. Mabadiliko hayo huvuta miguu nyuma ghafla huku kiwiliwili kikiendelea. Ukiuona mpaka wa kivuli mbele yako, tanguliza mguu mmoja kidogo, legeza magoti, na usiwe katikati ya kona unapouvuka. Kwenye rojorojo yenyewe weka miguu karibu zaidi kuliko kawaida, gawa uzito sawasawa, na chora kona ndefu za mviringo. Kuzungusha skii kwa nguvu ndiko kunakoumiza magoti, kwani theluji nzito huishika skii wakati mwili unageuka, na kwa mwendo mdogo vishikio vinaweza visiachie. Vishikio vipimwe na fundi kwa kufuata uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya mtelezaji, kama kiwango cha ISO 11088 kinavyotaka. Usivilegeze mwenyewe kwa ajili ya theluji nzito. Kingo nazo zinolewe, maana saa mbili za kwanza za asubuhi ni za barafu.

Jua la juu na jua la chini

Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 yake. Unachomwa kutoka juu na kutoka chini. Ndiyo maana watu huungua chini ya kidevu, ndani ya tundu za pua na chini ya masikio, sehemu ambazo hakuna anayekumbuka kupaka. Losheni iwe ya SPF 30 au zaidi, kiasi cha kijiko cha chai kwa uso na shingo, dakika 20 kabla ya kutoka, na irudiwe kila saa 2. Wakati rahisi wa kurudia ni pale mnapongoja chakula. Midomo ipate ya kwake. Wenye ngozi nyeusi wasijione wamesalimika: ngozi yao huchelewa kuungua lakini huungua, na macho hayana kinga hiyo.

Macho yakiungua, maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, kama mchanga chini ya kope, na huchukua siku moja hadi tatu kupona. Miwani ya kundi la 3, inayopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, inatosha siku nyingi. Kundi la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8, ni ya miinuko mikubwa yenye jua kali, na haifai kuendeshea gari. Iwe imefunika pembeni. Mawingu mepesi siyo sababu ya kuivua.

Pale mlima unapolegea

Maji yanayoshuka ndani ya theluji hulegeza vifungo kati ya tabaka, na alasiri miteremko yenye mwinamo wa digrii 30 na zaidi huweza kuporomoka. Maporomoko ya theluji iliyolowa huenda polepole kuliko ya theluji kavu, lakini ni mazito sana na yakisimama hukaza. Taarifa za hatari hutolewa kwa viwango 1 hadi 5, na katika machipuko taarifa ya siku moja mara nyingi ina viwango viwili, cha asubuhi kilicho chini na cha mchana kilicho juu. Visomwe vyote viwili. Wasimamizi wa njia hufunga baadhi ya njia mchana kwa sababu hii hasa, hivyo kamba iliyowekwa saa 6 mahali palipokuwa wazi saa 3 ina maana yake.

Dalili zinaonekana kwa macho: mabonge ya theluji yanayojiviringisha yenyewe kutoka chini ya miamba, na buti linalozama kupita kifundo cha mguu ukivua skii. Siku ya chakula na marafiki ibaki ndani ya njia zilizowekwa alama. Nje ya hapo kunahitaji kisambaza mawimbi cha kumtafutia aliyefunikwa na theluji, koleo na kijiti cha kuchokolea kwa kila mmoja, na watu waliofunzwa kuvitumia, kwa kuwa uwezekano wa kumtoa mtu hai hushuka haraka sana baada ya dakika 10 za mwanzo.

Mkirudi chini, futeni skii mara moja, hasa kingo za chuma, na msizifunge zikiwa zimegusana ndani ya mfuko. Usiku mmoja wa unyevu hutosha kuleta kutu. Vitambaa vya ndani vya buti vitolewe na vikaushwe mahali penye hewa, mbali na moto, halafu virudishwe na buti zifungwe vifungo kabla hazijapoa, zikae katika umbo lake mpaka asubuhi.